Kaya sio mtu mmoja: ushauri kwa mnaoanza utafiti wa pesa, kazi na maamuzi ya nyumbani

Habari zenu wadau. Kila msimu wanaingia vijana wapya kwenye hii kazi ya kutafiti uchumi wa kaya, wengine wanaanza na udadisi, wengine wanakabidhiwa faili la data na kuambiwa haya tafuta kitu humo, na wengi nawaona wanajikwaa pale pale nilipojikwaa mimi, sasa naandika yale ambayo ningeshukuru sana kama mtu angeniambia mapema. Kubwa kuliko yote ni hili, kaya sio mtu mmoja. Tunaandika "kaya iliamua", "kaya ilitumia", "kaya inaweka akiba", ila kaya haina mdomo wala mfuko. Wenye midomo na mifuko ni watu waliomo ndani, na mara nyingi huyu hajui kilichomo kwenye mfuko wa yule.

Nianze na fildi maana ndiko data inakozaliwa. Kwenye kazi yangu ya kwanza, nyumba ya tatu, nilimkuta baba mmoja mkarimu kweli, kanipa kiti tukaanza. Tukafika kwenye orodha ya wanakaya na shughuli zao nikauliza, "Na mama anafanya kazi gani?" Akajibu bila kusita, "Huyu hafanyi kazi, yupo tu nyumbani." Nikazungushia jibu la hafanyi kazi, nikaruka kurasa zote za kazi kama maelekezo yanavyosema, nikaendelea na swali linalofuata. Muda wote huo mama alikuwa hatua nne kutoka tulipokaa, tepu ya kupimia ipo shingoni, anamalizia gauni la mteja, na mteja mwenyewe akaja akalipa mbele yangu akaondoka nalo. Nimeona kwa macho yangu na bado mkono umeandika hafanyi kazi.

Yule baba hakunidanganya. Kwake yeye kazi ni ile ya kutoka asubuhi na kurudi mwisho wa mwezi na mshahara. Shida ilikuwa swali lenyewe, na aliyeulizwa siye mwenye kazi.

Na hili limeshapimwa kabisa sio hisia zangu tu. Kuna jaribio lilifanyika Tanzania, Elena Bardasi, Kathleen Beegle na wenzao wakachapisha matokeo 2011, waligawa dodoso la kazi kwa bahati nasibu, wengine fupi wengine refu lenye maswali ya kuchuja, yaani badala ya kuuliza tu unafanya kazi unauliza je ulilima, je uliuza chochote, je ulisaidia biashara ya nyumbani, afu pia wengine wakajibu wenyewe na wengine wakajibiwa na mwanakaya mwingine. Dodoso fupi likapunguza idadi ya wanawake wanaoonekana wanafanya kazi. Ila sehemu ya pili ndio iliyonishtua, pale mtu alipojibiwa na mwenzake walioathirika zaidi ni wanaume, kiwango chao cha kazi kilishuka sana na zaidi ni kwa sababu shughuli zao za shamba hazikutajwa. Kwa hiyo msibebe ile picha ya baba anayemsahau mama mkadhani mmemaliza, kila mmoja anamjua mwenzake nusu.

Hapo hapo kwenye kazi, angalieni mwaka wa dodoso. Mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi ulibadilisha maana, ajira ikabaki ile ya malipo au faida, na mtu anayelima hasa kwa ajili ya kula nyumbani akawekwa kwenye fungu lingine la kazi, anahesabiwa kwamba anafanya kazi lakini hayupo kwenye ajira. Ukichukua utafiti wa kabla na wa baada ukaunganisha bila kusoma hilo utaona wakulima wamepotea ghafla na utaandika hadithi ndefu ya watu kuacha kilimo kumbe kilichobadilika ni kamusi. Nimeona ripoti nzima imejengwa juu ya kosa hilo.

Sasa nadharia, nitapita haraka kidogo ila msiidharau. Gary Becker, yule mchumi aliyepata Nobel 1992, ndiye aliyefanya wachumi wakubali kwamba ndoa, watoto na muda wa kazi za nyumbani ni mambo ya kiuchumi, makala yake ya 1965 kuhusu mgawanyo wa muda mpaka leo inafaa kusomwa. Ila kwenye nadharia ile ya zamani pesa zote za nyumba zinaingia chungu kimoja na inakuwa haijalishi nani kazileta. Basi wakaja watu kupima. Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali iliondoa nafuu ya kodi ya watoto, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa inaonekana kwenye mshahara wa baba, ikaanza kumlipa mama moja kwa moja. Wachumi Lundberg, Pollak na Wales wakaangalia matumizi kabla na baada, wakachapisha 1997, na matumizi ya nguo za kinamama na watoto yakapanda ukilinganisha na nguo za wanaume. Nyumba za aina ile ile ila mkono unaopokea umebadilika.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Burkina Faso, wa Christopher Udry, 1996. Yeye hakulinganisha nyumba na nyumba, alilinganisha mashamba ndani ya nyumba moja, zao lile lile, mwaka ule ule, shamba la mke na shamba la mume. Mavuno kwenye mashamba ya wanawake yalikuwa chini kwa karibu asilimia 30, na sababu sio kwamba hawajui kulima, mbolea na nguvu kazi vilikuwa vinaenda kwa wanaume. Makadirio yake ni kwamba kama mbolea na watu vingegawanywa vizuri tu kati ya mashamba hayo mavuno ya nyumba yangeongezeka kwa kama asilimia 6, bila kununua kitu kipya. Mkisoma hapo mtaelewa kwa nini nasisitiza data ikusanywe kwa mtu mmoja mmoja, maana ukijumlisha mashamba ya nyumba nzima kwenye mstari mmoja hilo jambo linafutika na hutajua hata kama lilikuwepo.

Na pesa zina siri zake. Nava Ashraf alifanya jaribio Ufilipino, likatoka 2009, akawapa watu pesa na kuwaacha waamue, wengine kwa faragha, wengine mwenza akijua, wengine wakizungumza kwanza na mwenza. Wanaume ambao wake zao ndio hushika akiba ya nyumba, kwa faragha waliweka kwenye akaunti zao wenyewe, wakizungumza na mke kwanza wakaweka kwenye akaunti ya mke. Ni watu wa aina moja kabisa na pesa ile ile, kilichotofautiana ni nani anajua.

Hapa ndugu zangu naomba msome polepole. Kwenye kazi moja niliyokuwa naisimamia, kijana wetu mzuri tu na mwenye bidii alimhoji mama akamwambia ana akiba yake pembeni, kisha kesho yake akarudi kwa baba na ili kuhakiki akamwambia "mama amesema kuna akiba kiasi hiki, na wewe unasemaje?" Baba alinyamaza. Mama alikuwa mlangoni anasikia, akaingia ndani, na tuliporudi awamu ya pili alikataa kutuona, akatuma mtoto aseme hayupo. Ile akiba ilikuwa ya nini hatukujua na haikutuhusu, ila tulichukua siri ya mtu tukaiweka mezani kwake mwenyewe. Tangu hapo kwenye mafunzo ya wadadisi natenga nusu siku nzima kwa jambo hili tu: mhojini kila mtu peke yake, mwingine akikaribia hamieni kwenye maswali mepesi, na jibu la mmoja halivuki kwenda kwa mwingine hata kwa kuuliza kwa kuzunguka. Majibu yakipishana acheni yapishane, andikeni yote mawili, hiyo tofauti nayo ni data.

Tukija kwenye maamuzi ya familia, mtego mkubwa ni kuona vitu viwili vinaenda pamoja na kusema kimoja kimeleta kingine. Kinamama wenye watoto wengi hufanya kazi za kulipwa kwa uchache zaidi, sawa, lakini huenda aliyekuwa hana mpango wa kuajiriwa ndiye aliyeamua kuzaa zaidi. Joshua Angrist na William Evans, 1998, walitumia jambo ambalo mzazi hachagui, jinsia ya watoto. Wazazi Marekani ambao watoto wawili wa kwanza ni wa jinsia moja huelekea zaidi kuongeza wa tatu, hivo ukilinganisha hao na wenye mchanganyiko unapata athari ya mtoto wa tatu yenyewe. Kazi ya mama inapungua kweli ila kidogo kuliko ulinganishaji wa kawaida unavyoonyesha, na kwa baba karibu hakuna kitu. Denmark nako, Kleven, Landais na Søgaard 2019, kipato cha mama kinabaki chini kwa karibu asilimia 20 miaka mingi baada ya mtoto wa kwanza wakati cha baba kinaendelea kama hakuna kilichotokea. Kama mngeangalia kipato cha kaya kwa jumla, hilo pengo la ndani msingeliona.

Mkishafika kwenye kompyuta, msikimbilie regresheni, yaani zile hesabu za kupima uhusiano kati ya vitu. Siku mbili za kwanza fungueni dodoso la karatasi pembeni msome swali kwa swali mkiangalia nani aliruka nini, kwa sababu yule mama mshonaji kwenye faili ana nafasi tupu kwenye masaa ya kazi, na mtu akiijaza sifuri bila kufikiri anakuwa amethibitisha kosa langu. Angalieni pia zile -99, namba inayowekwa pale mtu anapojibu "sijui", zikiingia kwenye wastani wa kipato zinaushusha na hakuna anayepiga kelele. Kisha tafuteni safu inayosema nani alijibu kwa niaba ya nani, mgawanye matokeo yenu kwa hiyo safu kabla ya kitu kingine chochote, waliojibu wenyewe upande mmoja na waliojibiwa upande mwingine. Kama dodoso lenu halina hiyo safu, iongezeni kabla hamjaenda fildi, ni swali moja na mdadisi analijaza mwenyewe bila hata kuuliza.