Simbilisi Wakigombana: Lini Uwaache, Lini Uwatenganishe

Nyumba nyingi za Iringa, Njombe na Mbeya hufuga simbilisi (guinea pig, mnyama mdogo wa jamii ya panya) jikoni, na kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuwatenganisha mapema mno. Simbilisi wageni hawatulii mpaka wajue nani mkubwa. Ukiwatoa kabla hawajamalizana, siku ya kuwarudisha wanaanza upya, tena kwa hasira zaidi.

Dume akinguruma kwa mtetemo huku akitembea taratibu na kuyumbisha makalio, anatongoza au anatamba tu. Kufukuzana, kunusana nyuma na kupandana ni kawaida, hata majike kwa majike. Jike asiyetaka humrushia dume mkojo. Kuwa macho ukisikia meno yakigonganishwa haraka haraka, ukaona manyoya ya shingoni yamesimama na mdomo umeachama kuonyesha meno. Mara nyingi mmoja hurudi nyuma na mambo yakaisha. Wakishikana na kubiringika, au damu ikitoka, tenganisha mara moja. Usitie mkono, utaumwa vibaya. Watupie kitambaa kizito au ingiza kipande cha boksi katikati yao.

Mgeni akae peke yake wiki mbili kwanza, asije na chawa au ukurutu. Kisha wakutanishe mahali pasipo na harufu ya yeyote, kamwe si kwenye banda la mwenyeji. Eneo la mita mbili kwa moja linatosha wawili au watatu. Tawanya majani mengi chini, kila mmoja ale bila kusogeleana, na uweke maboksi yenye milango miwili. Boksi la mlango mmoja ni mtego: mnyonge hubanwa ndani na kupigwa. Kaa nao saa mbili au zaidi, ndipo uwahamishie kwenye banda lililooshwa, lenye maranda mapya.

Mpangilio rahisi ni dume mmoja na majike kadhaa. Madume wawili huelewana wasiponusa jike jirani. Watatu mara nyingi huharibikiwa wakianza kubalehe. Watoto madume waondoe wakifikisha siku 21, la sivyo watampanda mama yao na dada zao. Usimwache mmoja peke yake, mpe dume mkubwa mpole wa kukaa naye. Na dume mzazi mtoe kabla jike hajajifungua, maana jike huweza kushika mimba tena saa chache tu baada ya kuzaa, naye hiyo ya kwanza ameibeba siku 59 hadi 72.

Waliozoeana wakianza ugomvi ghafla, chunguza msongamano au ugonjwa. Anayesukumwa kwenye chakula hukonda kabla hujaona kidonda, kwa hiyo wapime uzito kila wiki. Juni na Julai, baridi ya Makete au Uporoto ikibana, wote hugombea kona iliyo karibu na jiko. Tandika majani makavu kwenye kona tatu au nne, na hakikisha kila mnyama ana pa kujificha.