Tutazame mpira ulivyotoka mkononi mwake

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Je, kwotabeki wa futiboli ya Marekani apimwe kwa mechi zenye presha peke yake, au kwa kazi ya msimu mzima?" Kwotabeki ndiye mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi. Mtaani kwetu wengi wanalijibu swali hilo kwa neno moja: pete. Mwenye pete za Super Bowl, zile wanazopewa mabingwa wa fainali ya ligi, ndiye mwamba, asiye nazo akae kimya. Mimi naishi Buffalo, jimbo la New York, mji ambao timu yake ya Bills haijawahi kuleta nyumbani hata pete moja ya Super Bowl, na jibu hilo limenikaa kooni miaka mingi.

Nilikuja hapa mwaka 2013 kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Mpira niliokuwa naujua ni wa miguu tu. Huu wa mikono nilifundishwa na mzee mmoja Mmarekani anayekaa ghorofa ya chini ya nyumba yetu, mzaliwa wa mji huu. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa nusu ni yake, ingawa hatukubaliani kwa kila jambo.

Usiku wa tarehe 23 Januari 2022 tulikuwa kwake, mimi, mke wangu, watoto na majirani wawili Warundi. Bills walikuwa Kansas City wakicheza na Chiefs, mechi ya mtoano, anayefungwa anafunga virago. Zimebaki dakika 2 hivi, Bills wako nyuma 26-21. Ni jaribio la nne na la mwisho, na zinahitajika yadi 13. Kwa asiyeufuata mchezo huu: timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, ikishindwa inamwachia mwenzake mpira. Josh Allen, kwotabeki wa Bills, akarusha yadi 27, Gabriel Davis akadaka ndani ya eneo la mwisho la uwanja: hiyo ndiyo tachidauni, pointi 6. Wakaongeza pointi 2, 29-26. Chiefs wakajibu, Tyreek Hill akatimka yadi 64, 33-29. Allen akarudi tena uwanjani, akampata Davis yule yule, 36-33. Saa ilisoma sekunde 13.

Nyumba nzima ilikuwa imesimama. Mzee peke yake alikuwa amekaa, mikono katikati ya magoti. Akasema, "Bado." Patrick Mahomes, kwotabeki wa Chiefs, akatumia pasi 2, yadi 19 kwa Hill na yadi 25 kwa Travis Kelce, kisha mpigaji wao Harrison Butker akapiga mpira wa yadi 49 ukapita katikati ya milingoti, pointi 3. Sare. Ikarushwa shilingi ya muda wa nyongeza, Allen akachagua upande, ukatokea mwingine. Kwa sheria ya wakati ule, timu iliyoanza na mpira ikipata tachidauni mechi imekwisha papo hapo. Chiefs wakaipata. Allen hakuushika mpira tena usiku ule. Mechi iliisha 42-36.

Pasi 37, zilizofika 27, yadi 329, tachidauni 4, hakuna hata pasi moja iliyoibwa na adui. Katika dakika 2 za mwisho alitakiwa kuiokoa timu mara mbili, akaiokoa mara mbili. Kesho yake kwenye daftari la wapenda pete iliandikwa: Allen, mtoano, kafungwa. Miezi miwili baadaye ligi yenyewe ilibadilisha sheria ya muda wa nyongeza katika mtoano, ili kila timu iguse mpira. Ligi iliona kasoro. Daftari la pete halikufutwa hata mstari mmoja.

Basi jibu langu ni hili. Ndiyo, kwotabeki apimwe kwa mechi za presha, na mimi nampima. Lakini apimwe kwa kile kilichokuwa mkononi mwake dakika ile, mpaka mpira unapomtoka. Ukishatoka, ni wa mdakaji, ni wa mpigaji, ni wa upepo, ni wa mwamuzi.

Neno hili "presha" lenyewe linatuchanganya. Linabeba mambo mawili. Kuna presha ya moyo: saa inakimbia, uwanja unapiga kelele, mji mzima unakutazama. Na kuna presha ya mwili: majitu ya kilo 120 na zaidi yanakuja kukuangusha. Kwotabeki akishapokea mpira ana sekunde 2 na nusu, akibahatika 3. Mbele yake wamesimama wanaume 5 ambao kazi yao ni kuwa ukuta. Ukuta ukisimama, atamwona mwenzake. Ukuta ukianguka, hata awe na moyo wa simba, anaona mikono na kofia tu. Mtu aliyekaa kwenye kochi huona kwotabeki anahangaika, akasema "kaogopa", kumbe aliyeshindwa ni mlinzi wa kushoto.

Mchukulie huyo huyo Mahomes ambaye wapenda pete wanamwabudu. Februari 2021 Chiefs walicheza Super Bowl na Tampa Bay bila walinzi wao wote wawili wa kawaida wa pembeni mwa ukuta, majeruhi. Mahomes alikimbizwa usiku kucha. Kuna pasi moja sitaisahau: ameshaanguka, mwili umelala hewani sambamba na nyasi, bado akaurusha mpira mpaka kule mwisho, ukamgonga mwenzake kwenye kofia, usoni, ukadondoka. Matokeo 31-9, Chiefs hawakupata tachidauni hata moja. Nikiulizwa pasi bora niliyowahi kuona chini ya presha, nitaitaja hiyo, na kwenye takwimu ni sifuri. Februari 2025 akafungwa tena kwenye Super Bowl, 40-22 na Eagles, akaangushwa na mpira mkononi mara 6. Hapo namlaumu kidogo, kwa sababu pasi aliyoibiwa na Cooper DeJean, ikarudishwa hadi tachidauni, haikuwa ya kurushwa. Kufungwa mara mbili, mtu yule yule, na hukumu yangu ni mbili tofauti.

Tom Brady naye anatufundisha. Februari 2002 alishinda Super Bowl yake ya kwanza kwa yadi 145 tu za pasi, Patriots 20, Rams 17, mpigaji Adam Vinatieri akimaliza kazi kwa mkwaju wa yadi 48. Februari 2018, pale Minneapolis, akarusha yadi 505, tachidauni 3, hakuibiwa hata moja, akafungwa 41-33 na Eagles waliokuwa na kwotabeki wa akiba, Nick Foles. Ukimpima kwa pete, Brady wa yadi 145 ni shujaa na Brady wa yadi 505 ameshindwa. Sijui mtu mwenye akili timamu anayeweza kutazama mikanda ya mechi hizo mbili akakubali hivyo.

Peyton Manning msimu wa 2013 alirusha tachidauni 55, rekodi ya ligi, akaenda kuchapwa 43-8 na Seahawks kwenye Super Bowl. Miaka miwili baadaye, mwili umechoka, mkono hauna nguvu, akashinda Super Bowl kwa yadi 141 bila tachidauni ya pasi hata moja, kwa sababu Von Miller na wenzake upande wa ulinzi wa timu yake waliwasaga Panthers. Alistahili kufurahi. Lakini pete ile ni ya ulinzi.

Sasa nisieleweke kwamba presha ya moyo haipo. Ipo, na inaonekana, ila inaonekana miguuni. Mtazame kwotabeki kuanzia kiunoni kwenda chini. Mwenye hofu miguu inaanza kucheza kabla hajafikiwa na mtu, anarudi nyuma pasipo sababu, macho yanashuka kutoka kwa wadakaji kwenda kwa wanaomkimbilia. Aliyetulia anasogea hatua moja mbele, ndani ya ukuta wake, akipigwa anapigwa wakati mpira umeshaondoka. Hilo mtu anaweza kulipima.

Kwa kipimo hicho namheshimu Eli Manning, mdogo wake Peyton, ambaye wengi humcheka kwa sababu katika msimu wa kawaida alimaliza na ushindi 117 na vipigo 117. Super Bowl ya Februari 2012, zimebaki chini ya dakika 4, Giants wako nyuma ya Patriots kwa pointi 2, Eli akarusha yadi 38 kandokando ya mstari wa kushoto kwa Mario Manningham. Walinzi wawili wa Patriots walikuwa pale. Nafasi ilikuwa ya upana wa sinia. Mpira ukaingia humo, Manningham akaburuza vidole vya miguu yote miwili ndani ya mstari. Giants wakashinda 21-17. Watu hupenda zaidi ile ya 2008, David Tyree alipoubana mpira kwenye kofia yake. Ile ilikuwa na bahati nyingi, na Eli alikuwa ameirusha juu juu tu. Hii ya Manningham haina bahati hata chembe. Ndiyo ningeipeleka mahakamani.

Mzee wangu wa chini ana kovu lake la zamani. Januari 1991, Super Bowl ya Tampa, Bills na Giants. Jim Kelly, kwotabeki wa Bills, alipokea mpira kwenye yadi yake ya 10, zimebaki dakika 2 na sekunde 16, akaisogeza timu mpaka zikabaki sekunde 8 na mkwaju wa yadi 47. Mpigaji Scott Norwood akapiga, mpira ukapita kulia ya milingoti. 20-19. Bills walirudi Super Bowl miaka mitatu iliyofuata, wakafungwa yote mitatu, na mpaka leo Kelly anaitwa yule aliyeshindwa mara nne. Ile ya kwanza alifanya nini kibaya? Alitoka mlangoni mwake mwenyewe akaufikisha mpira mahali pa kupigwa.

Siku iliyofuata watu wa Buffalo walijazana Niagara Square, mbele ya ukumbi wa jiji, wakaliita jina la Norwood mpaka akatoka mbele yao. Mzee alikuwepo. Anasimulia alivyowaona wanaume wazima wakilia, na hakuna aliyemtukana. Nikisikia hadithi hiyo nakumbuka 2010, kibanda cha video kule kambini, Asamoah Gyan amegonga mwamba kwa penalti ya dakika ya mwisho dhidi ya Uruguay. Watu walimlaani pale pale. Dakika chache baadaye akatembea peke yake kwenda kupiga penalti ya kwanza ya Ghana kwenye mikwaju, akafunga. Nani anaikumbuka ile ya pili?

Januari 2025 jambo lilitokea hapa hapa kwetu, kwenye theluji, Ravens walipokuja. Zimebaki dakika 1 na sekunde 33, wako nyuma 27-25, wanahitaji pointi 2 za sare. Kwotabeki wao Lamar Jackson akakimbilia kulia, akarusha, mpira ukafika mikononi mwa Mark Andrews, ukateleza. Mimi niliruka kwa furaha, mimi ni wa Bills. Lakini Jackson aliirusha sawasawa. Makosa yake yalikuwa ya kipindi cha kwanza, pasi iliyoibwa na mpira uliomponyoka, na hayo nayahesabu yote. Ile ya mwisho siihesabu. Siku zilizofuata mashabiki wa Bills walichangia pesa kwa taasisi ya kisukari ambayo Andrews anaisaidia, kwa kuwa yeye mwenyewe anaishi na ugonjwa huo, zikapita dola 100,000. Mzee alichangia. Hakuniambia, nilisikia kwa mkewe.

Tuna daftari letu, la mistari, la mtoto wangu wa darasa la nne. Tunaandika robo ya nne tu, ya mwisho ya mechi, timu zikiwa zimepishana pointi 8 au chini ya hapo. Kila pasi: ukuta ulisimama au ulianguka, alimwona aliye wazi au hakumwona, mpira ulifika padakikapo au haukufika. Kudaka kwenyewe hatuandiki, wala matokeo.

Kuna mstari mmoja haujajazwa. Wiki moja baada ya Ravens, Bills walikwenda tena Kansas City. Wako nyuma 32-29, zimebaki dakika 2 hivi, jaribio la nne, yadi 5. Chiefs wakatuma watu wengi kuliko ukuta unavyoweza kuzuia. Allen akarudi nyuma, nyuma, akaurusha juu huku anaanguka, na mpira ukashuka karibu na Dalton Kincaid, aliyejitupa, ukamgusa mikono, ukaanguka. Mzee anasema haukufika padakikapo, ni kosa la Allen. Mimi nasema ulifika. Tumeirudia video mara nyingi, tukaisimamisha palipo na vidole vya Kincaid, kalamu mkononi, na kile kisanduku bado ni cheupe.

Msomaji wenu,
Buffalo, New York