Kabla Hujaongeza Mkondo: Maneno kwa Wanagenzi wa Presipiteta

Kila kundi la wanagenzi linalotoka vyuo vya Nairobi na kuletwa kwenye viwanda vya saruji vya Athi River huja na ugonjwa ule ule: dohani ikianza kutoa vumbi, mkono hukimbilia kuongeza mkondo wa presipiteta, mtambo unaonasa vumbi la gesi kwa umeme kabla halijafika dohani. Juzi nimewaona wawili, mmoja akibonyeza na mwenzake akimshangilia, nikaona heri niandike kuliko kufoka tena.

1. Someni kilovolti na miliampea kwa pamoja. Nyaya hasi huzalisha korona, yaani mtoko wa umeme hewani; ayoni zake huzipa chembe chaji, kisha uga wa umeme huzisukuma chembe hizo hadi kwenye sahani zilizounganishwa na ardhi. Mkondo ukipanda huku volteji ikishuka, msidhani mtambo unachapa kazi. Nilidhani hivyo katika zamu moja ya usiku, nikiwa mgeni kama ninyi, kiwanda nisichokitaja. Kinu cha malighafi kilikuwa kimesimamishwa kwa matengenezo ilhali tanuri linaendelea kuwaka, kwa hiyo gesi ilikuja moja kwa moja bila kupitia kinu, kavu na yenye joto, na nozeli za kunyunyizia maji kwenye mnara wa kupoza gesi zilikuwa zimeziba nusu bila mimi kuzikagua. Joto la gesi kwenye mlango wa presipiteta lilipokaribia nyuzi 150, ukinzani wa vumbi ulipita ohimu-sentimita bilioni 100. Tabaka la vumbi juu ya sahani likashindwa kuachia chaji, hewa iliyonaswa ndani yake ikapasuka kwa umeme, na ayoni chanya zikarudi kuzifutia chaji chembe zilizokuwa njiani. Hiyo ndiyo korona ya kinyume. Mimi nikaongeza mkondo katika sehemu zote. Moshi ukazidi. Nikaongeza tena, kisha nikaziamuru nyundo za kukung’uta vumbi kwenye sahani zipige mfululizo, na dohani ikaanza kutoa mafungu ya vumbi kwa mdundo wa nyundo zangu mwenyewe. Mzee wa zamu alipofika hakunigombeza; aliuliza tu, “Maji yako wapi, kijana?” Akapunguza mkondo hadi chini ya pale nilipoukuta, na moshi ukapungua mbele ya macho yangu, jambo lililoniuma kuliko kugombezwa. Nozeli ziliposafishwa, volteji ilirudi yenyewe. Kufikia hapo nguo za majirani zilizoanikwa usiku zilikuwa zimeshapata rangi ya kijivu, na simu za asubuhi nilipewa mimi nizipokee.

Cottrell, aliyepata hataza ya kifaa hiki nchini Marekani mwaka 1908, alianza na ukungu wa asidi ya salfuriki, ambao ni kimiminika na hutiririka wenyewe kutoka kwenye sahani. Sisi tumejaliwa vumbi la mawe ya chokaa, ndiyo maana tunahangaika na nyundo na maji.

2. Sahani za mbele zipigwe mara nyingi na za mwisho kwa nadra, kwa kuwa vumbi likitibuliwa mwishoni halina pengine pa kunaswa.

3. Hopa, yaani mapipa ya chini yanayopokea vumbi, zimwagwe kabla vumbi halijafika kwenye nyaya na kuleta shoti.

4. Kaboni monoksidi ikipanda na presipiteta ikajizima, iacheni. Cheche zake zinaweza kulipua gesi hiyo, na meneja anayelalamika kwamba NEMA, mamlaka ya mazingira, watauliza kuhusu moshi ataulizwa mengi zaidi kuhusu mlipuko.

5. Msiahidi usafi kamili. Chembe za kati ya mikroni 0.1 na 1 ndizo sugu: kubwa huchajiwa vizuri na uga, ndogo kabisa huchajiwa kwa msambao wa ayoni, na hizi za katikati hazifaidi vya kutosha njia yoyote. Kwa mlinganyo wa Deutsch wa mwaka 1922, mtambo unaonasa asilimia 90 ya vumbi utanasa 99 eneo la sahani likiongezwa maradufu, na 99.9 likiwa mara tatu. Mhasibu mmoja aliniuliza kwa nini fedha zile zile safari hii zimenunua asilimia tisa tu. Nilimwonyesha hesabu, akaomba chai.

6. Mlango wa ukaguzi ukishafunguliwa, gusisheni fimbo ya ardhi kwenye fremu ya nyaya na kuiacha imening’inia hapo hadi mtu wa mwisho atoke, hata kama funguo zote za swichi ziko mfukoni mwenu.