Mashine ya boti kukohoa kukiwa na unyevu: anzia kwenye kifuniko cha distributa

Ndugu, umesema mashine yako ya ndani, GM ya petroli lita 3.0 yenye silinda nne, hukohoa na kuzima asubuhi zenye unyevu, lakini jua likipanda inatulia. Dalili hiyo inanielekeza kwenye distributa, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi, kabla ya kabureta.

Kwanza kabisa, fungua mfuniko wa mashine na uwashe feni ya kutoa hewa kwa dakika 4 au zaidi, kisha unuse ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti. Ukisikia harufu ya petroli, usijaribu cheche yoyote. Tafadhali usilipuuze hili.

Zima swichi, weka alama kwenye kila waya wa plagi, halafu toa kifuniko cha distributa. Kipeleke kwenye mwanga mkali ukague ndani: ufa, au mstari mweusi mwembamba kama unywele kati ya nguzo mbili, vile vyuma vinavyopeleka umeme kwenye waya za plagi. Mstari huo ni njia ya umeme kuvuja, na unyevu huirahisisha. Kukisugua hakusaidii, nunua kipya pamoja na rota, kile kipande kinachozunguka chini ya kifuniko. Kutu ya kijani kwenye nguzo ni kazi ya chumvi.

Kisha shika shafti ya rota uitikise kwa pembeni. Ikicheza, nafasi ya pointi (mwanya wa swichi ndogo ndani ya distributa inayokata umeme ili cheche itoke) haitulii hata ukiipima vizuri namna gani.

Ukirudisha waya, mpangilio wa silinda ni 1-3-4-2, kufuata mzunguko wa rota. Na distributa ya gari usiifunge, hata ikiingia: ya boti imetengenezwa kuzuia cheche isiwashe mvuke wa petroli nje yake.