Nyaraka za API zinajitengeneza zenyewe, mbona 404 haionekani?

Swali: Natumia FastAPI (zana ya Python ya kutengenezea API, yaani mlango ambao programu nyingine zinaombea data), nyaraka za kwenye /docs zinatoka zenyewe ila endipointi (anwani) ya kusoma oda inaonyesha majibu ya 200 (imefanikiwa) na 422 (data iliyotumwa ina kasoro) tu, na mfano wa jibu la 200 umeandikwa "string" wakati mi narudisha oda nzima. Wenzangu wa apu ya simu wanakutana na 404 (haipatikani) ambayo haijaandikwa popote. Niandike tu kwa mkono?

Jibu: Usiandike kwa mkono ndugu, baada ya wiki chache kodi itakuwa kwingine na nyaraka kwingine. Shida yako ni kwamba FastAPI haisomi kilichomo ndani ya fankisheni, inaangalia tu ulichotangaza juu yake, yaani njia, parameta na aina zake, na aina ya jibu. Wewe unarudisha dict bila kusema ina nini, kwa hiyo skima (maelezo ya muundo wa jibu) inabaki tupu na Swagger UI (ukurasa wenyewe wa /docs) ikikuta skima tupu inajaza "string". Tengeneza modeli ya Pydantic (maktaba ya Python ya kueleza muundo wa data), iite Oda, halafu weka `-> Oda` kwenye fankisheni au `response_model=Oda` kwenye dekoreta (ule mstari wa @ juu ya fankisheni). Hapo utaona fildi zote, na faida nyingine ni kwamba fildi ambayo haipo kwenye modeli haitoki nje, mambo ya siri za databesi kuvuja kwenye jibu yanapungua sana.

Hiyo 422 imekuja yenyewe kwa sababu una parameta ya kukaguliwa. 404 unairusha mwenyewe kwa `HTTPException` huko ndani, haiwezi kujulikana, itangaze kwenye dekoreta: `responses={404: {"description": "Oda haipo au si ya mtumiaji huyu"}}`. Hayo maelezo yaandike kwa makini kweli, maana mtu wa simu anataka kujua afanye nini, na "Not Found" haimsaidii chochote.

Kingine ambacho naona watu wengi wanakiacha na ndo muhimu kuliko vyote, chukua matokeo ya `app.openapi()` (maelezo yote ya API yako) uyahifadhi kama faili la JSON ndani ya Git (hifadhi ya historia ya kodi), kisha kwenye CI (mfumo unaokagua kodi yenyewe kila inapobadilishwa) litengeneze upya na uendeshe `git diff --exit-code`. Mtu akibadilisha jibu bila kukomiti faili jipya bildi inafeli, na akilikomiti, anayepitia kazi yake anaona mstari kwa mstari ni fildi gani imeondoka kabla apu ya simu haijaharibika.