Onazi ya historia: chanzo kwanza, wasomi baadaye

Wiki iliyopita matokeo yametoka na tasnifu yangu imepata daraja la kwanza, nikaposti kidogo tu kumshukuru Mungu na wazazi, tangu hapo inboksi haijatulia. Meseji moja imenigusa sana, ni ya mdogo wangu anayeanza mwaka wa onazi (honours) kwenye historia, ule wa semina na tasnifu. Anasema semina zinamtisha, anasoma makala za wasomi mpaka saa nane usiku lakini akifika darasani hana la kusema, na msimamizi wake kamrudishia mada tena kaandika maneno mawili tu, "pana mno". Nimeona nijibu hapa hapa maana najua mko wengi.

Mdogo wangu, onazi siyo mwaka mwingine wa kusikiliza lekcha na kunakili noti. Mnakaa watu wachache kuzunguka meza, mhadhiri anauliza swali moja halafu ananyamaza, na ule ukimya usiukimbie, pale ndo kozi yenyewe ilipo. Mtindo huu wa semina ulijengwa na wanahistoria akina Leopold von Ranke kule Berlin karne ya 19, wanafunzi walikaa na nyaraka mbele yao wanazichambua, nani kaandika, lini, alijuaje, alikuwa anataka nini. Nyaraka mbele yao. Shika hapo.

Mimi mada yangu ilikuwa vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, pale watu wa kusini mwa Tanzania ya leo walipoinuka dhidi ya utawala wa Wajerumani, wakiamini maji ya dawa ya waganga yatawakinga na risasi. Nilipompelekea msimamizi pendekezo langu la kuandika kuhusu sababu za vita aliniuliza kitu kimoja, "sababu kwa mujibu wa nani?" Nilitoka ofisini kwake nimekasirika kidogo, ila lile swali ndo lililonijengea tasnifu nzima. Kwa sababu ukianza kuuliza kwa mujibu wa nani, vitu vinaanza kusogea. Gavana wa koloni hilo la Wajerumani wakati ule alikuwa Gustav Adolf von Götzen, akaondoka 1906 na mwaka 1909 akatoa kitabu chake kuhusu vita hivyo, humo lawama nyingi anazipeleka kwa waganga na ushirikina. Sasa jiulize, huyu vita vimemlipukia mikononi akiwa madarakani, unategemea aandike kwamba tatizo lilikuwa sera yake ya pamba? Mashamba ya kulazimisha watu yalianza chini yake, na malipo yalikuwa madogo kiasi kwamba kuna watu walikataa kuyapokea. Na vita vilipoanza kule Nandete kwenye milima ya Wamatumbi, Julai 1905, watu waling'oa nini? Waling'oa pamba.

Kwa upande wa pili kuna kazi ambayo kila mwanafunzi wa onazi anatakiwa aijue. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam, wanafunzi wa digrii ya kwanza kama wewe na mimi, walitumwa kwenye maeneo yaliyopigana wakakaa na wazee wakaandika walichosimuliwa. Wanahistoria John Iliffe na Gilbert Gwassa walikuwa kwenye usimamizi wa kazi ile. Hadi leo ukitaka kuandika kuhusu Maji Maji kwa uzito huwezi kuzikwepa ripoti zile, na zimeandikwa na wanafunzi! Nikizisoma nilikuwa najisikia fahari ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Sasa nije kwenye kilichoniuma, na bado kinaniuma. Siku ya prezentesheni yangu ya kwanza kwenye semina nikaeleza kwamba nitatumia zile simulizi za wazee, mhadhiri mmoja akanikata katikati akasema hizo ni hadithi, nizipeleke idara ya fasihi, watu wakacheka. Wenzangu niliokuwa nakula nao meza moja nao wakacheka. Nilikaa kimya siku ile. Lakini sikubadilisha mada, nilirudi kwenye vyanzo, na zamu yangu ilipofika tena nikaanza na namba. Wajerumani wao wenyewe walitoa hesabu kwamba Wazungu waliokufa ni 15, na Waafrika 75,000. Gwassa baadaye akakadiria kati ya 250,000 na 300,000, kwa sababu wengi waliuawa na njaa baada ya majeshi kuchoma mashamba na chakula makusudi. Nikauliza meza nzima, mtu anayewahesabu watu wake mmoja mmoja na wengine anawahesabu kwa maelfu, tunaitaje hiyo, nyaraka au simulizi? Hakuna aliyecheka.

Na hapa naomba unielewe vizuri, sikusema wazee hawakosei. Wale wazee walihojiwa zaidi ya miaka 60 baada ya vita, nchi imeshapata uhuru 1961, na Maji Maji ilikuwa imeshageuka hadithi ya taifa kuungana, Nyerere mwenyewe aliitaja Umoja wa Mataifa mwaka 1956. Kwa hiyo aliyekuwa anauliza na aliyekuwa anajibu wote walikuwa wanajua nchi inapenda kusikia nini. Hilo nalo nililiandika, nikalipa sura nzima, na ndo sura ambayo mtahini wa nje aliisifia kuliko zote. Ukimhoji gavana mhoji na mzee. Anayeshambulia chanzo cha upande mmoja tu bado anashabikia.

Ndo maana nasema chanzo kwanza. Wewe unasoma wasomi mpaka saa nane usiku halafu unafika semina kila hoja uliyonayo ni ya mtu mwingine, na huyo mtu ana miaka 30 kwenye hiyo mada, utasema nini mbele yake? Lakini ukisoma ripoti moja, barua moja, ushahidi mmoja wa mahakamani, ukausoma mara tatu, utaona kitu ambacho hakuna mwingine mezani amekiona, hapo utakuwa na la kusema na utalisema bila kutetemeka. Na ongea mapema, dakika kumi za mwanzo, ukisubiri mpaka wale wanaojiamini wamalize hutapata nafasi, hata kama ni swali uliza. Wasomi wasome, wasome sana, ila waje baada ya chanzo.

Mada pana inatibika hivyo hivyo. Usikae chumbani unawaza mada, nenda kasome chanzo, chanzo ndo kinakupa swali na swali linaipunguza mada lenyewe. Sababu za Maji Maji huwezi kumaliza. Lakini njaa inavyosimuliwa na wazee wa eneo moja kwenye ripoti za 1968, ukiilinganisha na gavana anavyoisema au anavyoinyamazia, hiyo unaimaliza, tena unaimaliza vizuri. Kama swali lako haliingii kwenye sentensi moja bado halijaiva, rudi kwenye chanzo.

Drafti mpelekee msimamizi ikiwa mbichi, usisubiri iwe nzuri, yeye yupo kwa ajili ya zile mbichi. Akikuandikia maneno mawili tu mfuate ofisini akueleze kwa mdomo, ni haki yako. Na tanbihi weka siku ile ile unayoandika aya, jina, mwaka, ukurasa, namba ya faili, kila kitu, maana zile wiki za mwisho kabla ya kukabidhi hutaki kuwa unafungua vitabu upya kutafuta ukurasa mmoja.