Jibu kwa aliyeuliza: kwa nini ua linavurugika ndani ya mche wa shanga

Waalaykum salaam dada. Umesema umejaribu mara mbili kutengeneza shanga zenye ua ndani kwa udongo wa polima, na mara zote mbili ulipokata ukakuta ua limekorogeka. Unauliza kama tatizo ni mkono wako, au ununue ile mashine ya kusukumia udongo uwe bapa. Mkono wako hauna kasoro, na mashine usinunue kwanza. Mimi nipo Wete, huu mwaka wa sita nafanya kazi hii kwa mapenzi tu, na ua langu la kwanza lilitoka vile vile kama lako.

Kwa wasioujua, udongo huu si wa mfinyanzi. Ni plastiki ya PVC iliyotiwa kilainishi na rangi, hubaki laini mpaka uokwe. Unapanga rangi zikawa gogo nene lenye picha inayopita ndani kutoka kichwa hadi kichwa, unaliminya liwe jembamba na refu, kisha unakata vipande kama boflo. Kila kipande kina picha ile ile. Gogo hilo mimi naliita mche, kama mche wa sabuni. Ufundi huu asili yake ni kwa mafundi wa kioo. Wale wa Murano, karibu na Venisi, wanauita millefiori, yaani maua elfu, na shanga za kioo za Venisi zilikuwa zikishushwa bandarini Unguja karne ya 19 zikapelekwa bara na misafara.

Na sisi wenyewe si wageni wa shanga. Hapa Pemba, Tumbe, waliochimba mji wa kale wa karne ya 7 hadi ya 10 walikuta vigae vingi sana vyenye mifereji, na mifereji hiyo ilitokana na kusugulia shanga za makombe. Ninapokaa na msasa wangu napiga shanga moja moja, huwafikiria sana watu wale.

Sasa ua lako. Kwa ulivyoeleza, nyeupe ilikuwa mpya na nyekundu imekaa kabatini muda mrefu. Hapo ndipo lilipoharibika. Ukiminya mche, rangi laini inakimbia na ngumu inabaki, basi petali zinavutwa upande. Rangi zote lazima ziwe na ulaini mmoja. Ngumu ikande mpaka uikunje bila kupasuka. Iliyo laini kupita kiasi ilaze baina ya karatasi mbili nyeupe usiku mzima, karatasi itanyonya kilainishi na asubuhi utaiona ina doa kama la sambusa. Wakati wa kaskazi joto linalainisha kila kitu, kwa hiyo mimi hufanya kazi baada ya sala ya alfajiri, jua halijapanda. Kipupwe ndio msimu wa raha.

La pili ni haraka. Ukishaupanga mche usiuviringishe kibaoni kama mkate wa kusukuma, maana nje itatangulia na ndani itabaki nyuma. Ushike kwa viganja, anza kuubana katikati, zungusha kidogo, bana tena, uende ukifuata pande zote mbili. Mche wa unene wa sentimita 4 na urefu wa sentimita 5, ukiufikisha unene wa sentimita 2 utakuwa na urefu wa sentimita 20. Usilazimishe ufike huko kwa mara moja. Ukiona umepata joto la mikono, uache. Kabla ya kukata utie kwenye friji dakika kumi na tano hivi, kisha tumia wembe mpya, na kila ukikata uuzungushe mche robo mzunguko usije ukalala upande mmoja.

Anza na mche wa jicho, rangi moja katikati na nyengine imeizunguka, basi. Ukiuweza huo, ingia kwenye korosho ya kanga. Napenda sana watu wetu wafanye korosho, asumini na karafuu kuliko kuiga mawaridi ya watu. Chukua kijiti cha udongo mwekundu, kibane ubavu mmoja kwa urefu wake wote mpaka ukikitazama kichwani kiwe kama tone. Kivishe nyeupe nyembamba, kisha nyeusi, halafu pinda ule mkia. Pale kwenye pindo pana uwazi, na uwazi ndio adui. Ujaze kwa rangi ya chini, yaani ile itakayoizunguka korosho, la sivyo korosho itaingia humo na kukunjamana. Kanda nyeupe kabla ya nyekundu na nyeusi, na safisha mikono kila ukibadilisha.

Pesa ya mashine nunua kipimajoto cha oveni. Mimi nilioka shanga zangu za mwanzo kwa kuamini namba za kitufe. Kitufe kilisema nyuzi 130 za Selsiasi, nyeupe ikatoka ya kahawia na jikoni kukawa na harufu kali. Nilipokuja kutia kipimajoto kikaonesha 165. Udongo mwingi unataka baina ya 110 na 135, soma pakiti yako, kiasi cha nusu saa kwa kila milimita 6 za unene. Udongo ukiungua unatoa moshi wa asidi wenye madhara, kwa hiyo fungua madirisha na uwatoe watoto. Jiko la mkaa usilijaribu, moto wake hauzuiliki. Na kibao na kisu cha kazi hii visirudi tena kwenye chakula.

Tundu litoboe kabla ya kuoka, kwa sindano, ukiizungusha polepole kutoka pande zote mbili. Mimi nazitunga shanga kwenye vijiti vya mshikaki na kuvilaza juu ya kingo za treya, hivyo haziguswi na kitu. Zikipoa, zipige msasa wa maji, namba 400, kisha 600, kisha 1000, umalizie kwa kitambaa cha jinzi. Rangi ya kucha usipake, baada ya muda inanata. Kwa kutungia, mshipi wa kuvulia ni imara kuliko uzi wa kushonea.

Vile vichwa viwili vya mche ambavyo picha imepinda usivitupe. Nilivikusanya vyangu kwenye kopo miezi kadhaa, nikavikanda pamoja kidogo tu, bila kuvimaliza rangi, nikatoa shanga 33 za tasbihi ya mama. Hakuna mbili zinazofanana, na ndiyo anayoishika kila magharibi.